Pipa la Moshi Baridi

Mwaka wa themanini na moja nilikuwa na miaka kumi, na ndio mwaka ng'ombe wa mama walikufa wote. Hapo ndipo shida ilipoanza kwetu. Kabla ya hapo tulikuwa maskini kama watu wote wa Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lakini umaskini wenye maziwa si shida, ni maisha tu. Sisemi haya ili mtu anionee huruma. Huruma sikuihitaji wakati ule, sembuse leo.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya harufu. Juzi binti wa jirani yangu hapa Ruti, kando ya Mbarara, alikuja na simu, akanionyesha picha za masanduku ya chuma yanayong'aa, ya kufukizia nyama na samaki nyumbani kwa moshi usio na joto. Akaniuliza, "Shangazi, ninunue lipi?" Nikamwambia masanduku baadaye, kwanza twende nyuma ya nyumba tukawashe magunzi ya mahindi, anuse. Gunzi likiungua bila kuwaka moto linatoa harufu tamu, kama mahindi ya kuchoma yaliyosahauliwa kando ya jiko. Binti akakohoa. Mimi nikarudi Juru.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Wenzangu wa rika langu mliokulia Nakivale mtanielewa haraka.

Baba alikuwa Mkongo wa upande wa Fizi, fundi baiskeli, mtu aliyezaliwa na samaki mdomoni. Mama alikuwa Mnyarwanda wa ng'ombe. Kwa watu wa mama, samaki ni uchafu. Mtu wa maziwa hali samaki, hashiki samaki, na chombo kilichoguswa na mkono wa samaki hakiwekwi maziwa tena, maana ng'ombe atakauka chuchu. Ndugu zake walimcheka walipokutana naye kisimani: "Wewe hukuolewa na mtu, umeolewa na ziwa." Baba alikula samaki wake kwenye kibanda chake cha baiskeli, ng'ambo ya shamba la maharage, kisha akasugua meno kwa majivu na kunawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Hata hivyo mama alimnusa mlangoni kama askari wa forodha. Akikuta harufu, baba alirudi kusugua. Wote wawili walikuwa wakicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao.

Kila asubuhi mama alifukiza vyombo vyake vya maziwa. Vilikuwa vya mti, vyenye shingo nyembamba, vyeusi kwa miaka mingi ya moshi. Alikuwa na chungu kidogo chenye mdomo mrefu. Ndani yake aliweka kaa moja na nyasi kavu zenye harufu nzuri, moshi ukatoka kwenye ule mdomo ukaingia kwenye chombo. Mimi nilishika kifuniko. Niliipenda kazi hiyo kuliko kucheza. Ng'ombe walipokufa, mama aliendelea kufukiza vyombo vitupu kila siku, kimya, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni aliyechelewa. Lakini kucheka aliacha. Hata baba aliporudi ananuka samaki hakumrudisha tena akasugue. Hilo ndilo lililonitisha mimi, kuliko njaa.

Baba aliamua kuuza samaki. Alinunua ngege kwa wavuvi wa ziwani, akawabanika juu ya moto kama kila mtu alivyobanika, akawapanga kwenye kikapu. Akanipakia kwenye bomba la baiskeli, kikapu nyuma, pamoja na gurudumu moja alilolitengeneza ili aliuze, tukaenda Mbarara. Ile barabara wakati ule ilikuwa mashimo na mawe. Nilifurahia kila shimo. Samaki hawakufurahia.

Mama Hadija alikuwa mjane Mwislamu wa Mbarara, mwenye duka la vyakula vikavu karibu na soko. Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, bangili hadi kwenye kiwiko. Baba alipoweka kikapu mezani, mama huyo alikitikisa, akatega sikio. Kikasema chwa chwa chwa, kama mchele.

"Wewe Mukongo," akasema, "mimi iko na duka ya samaki. Ya unga iko ng'ambo, kwa Muhindi."

"Mama, ni barabara."

"Barabara ndiyo imepika? Ni wewe umepika! Samaki ya moto inavunjika. Marehemu mzee yangu alikuwa analeta ile ya moshi baridi, ya chumvi. Unapiga nayo mtu kichwa, mtu inaanguka, samaki inabaki mzima. Hiyo ndiyo nataka. Ramadhani inakuja, watu watauliza."

Kisha akanitazama mimi. Alinitazama miguu, halafu meno, halafu akatabasamu.

"Na huyu binti? Unasema mama yake ni wa ng'ombe, na ng'ombe yote imekufa. Huko anakula nini?"

Baba akavuta kikapu chake upande wake.

"Sikia. Mwezi ukikaribia, niletee samaki ya moshi baridi. Samaki ikikataa, niletee huyu. Hapa atakula, atavaa, ataosha vyombo yangu. Si vibaya, Mukongo. Mimi si mtu mubaya."

Na kweli hakuwa mtu mbaya. Baba aliangalia chini akasema, "Sawa, mama." Nikajua. Mtoto wa miaka kumi anajua anapouzwa hata kama hakuna anayetaja bei. Tokea dakika ile moshi baridi ulikuwa kitu kikubwa kuliko vyote duniani, na sikujua ni nini. Nilidhani ni aina nyingine ya moshi, kama vile kuna sukari nyeupe na sukari guru. Nilidhani unauzwa.

Kwa hiyo tulipotoka dukani tukaingia nyuma ya gereji moja, kwenye uwanja wa mapipa matupu, nilielewa yote upesi: hapa ndipo unapouzwa.

Muuzaji alitushika mkono, akatupeleka moja kwa moja kwenye pipa la bluu. "Ssebo, bwana wangu, chukua hii. Haina kutu hata kidogo, iko kama bibi harusi."

Baba aliingiza kichwa chote ndani. Akatoka haraka, macho mekundu. "Hii ilibeba dawa ya kuogesha ng'ombe. Unataka niue bantu?"

"Utaosha."

"Hii haioshwi hata na Mungu."

La pili lilikuwa la dizeli. Muuzaji akasema dizeli inaondoka ukilichoma ndani kwa nyasi. Baba akasema ya kwake haijapata kuondoka, hata kwenye kucha zake. La tatu lilikuwa na tumbo lililobonyea, limechakaa, rangi imebanduka. Baba akanusa, akanusa tena, akaniinua kwa kwapa. "Mama, ingiza pua. Unasikia nini?" Wakongo huwaita binti zao mama.

Nikanusa. "Mandazi."

"Njo hii, ndiyo yenyewe!" Lilikuwa limebeba mafuta ya kupikia. Muuzaji akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anachagua pipa kama mtu anayeposa. Wakabadilishana, gurudumu kwa pipa, na juu yake baba akaomba kipande cha mfereji wa mabati ulioanguka kutoka kwenye paa la mtu. "Hii itakuwa tiyo yetu, bomba yetu," akasema. Pipa lilikuwa na kifuniko chake na mkanda wa chuma wa kukibana. Baba akakibana, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira.

"Baba, moshi baridi uko wapi?"

Akiwa ameinama anakaza mpira, akagonga pipa kwa ngumi. "Humu, mama. Humu humu."

Watoto wa siku hizi wana simu, wanajua kila kitu. Mimi nilimwamini baba yangu. Kutoka mjini nilitembea nyuma ya baiskeli, mkono juu ya kifuniko, nikibana kila lilipotikisika. Baba aliniambia nipande mbele, nikakataa. Alidhani nimeona huruma kwa baiskeli.

Kwenye kizuizi cha jeshi, mbele kidogo baada ya kutoka mjini, askari mmoja alinyoosha mkono. Mrefu, kofia imempwaya.

"Simama! Mzee, ndani ya pipa iko nini?"

"Apana kitu, afande. Iko bure."

Nikaona baba anadanganya, na nikaona mkono wa askari unakwenda kwenye mkanda wa chuma. "Usifungue!" nikapiga kelele. "Afande, usifungue, utatoka!"

Yule askari akaruka nyuma, bunduki juu. Wenzake wawili walioketi kivulini wakasimama. Baba akainua mikono, baiskeli ikaanguka, pipa likagonga mawe, mimi nikalilalia.

"Nini itatoka? Wewe! Nini itatoka?"

"Moshi! Moshi baridi! Ukitoka nitapelekwa kuosha vyombo!"

Halafu mmoja wa wale wa kivulini akaanza kucheka hadi akakaa chini. Yule mrefu akanisogeza kwa mguu, taratibu kabisa, akafungua mkanda, akainua kifuniko, akaingiza pua. Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Kweli iko baridi," akasema. Akanitazama kwa uso wa msiba. "Pole, dada. Nimevuta yote."

Wenzangu, mnacheka. Mimi nililia kutoka pale hadi Juru. Baba alinibembeleza, akasema bunduki zimepita, mama, zimepita. Hakujua nalilia nini. Moshi wetu ulikuwa kwenye mapafu ya askari.

Baba aliweka mtambo wake ng'ambo ya maharage, karibu na kibanda, mahali tambarare, ili samaki wasiingie kwenye ua wa mama. Kwanza alichoma nyasi ndani ya pipa hadi ile harufu ya mandazi ikaisha. Kisha akatoboa tundu chini kwa patasi, akaingiza ule mfereji, upande wa pili akaweka chungu kikubwa cha makaa na magunzi. Spoku za baiskeli alizikunja zikawa ndoano. Hapo alikuwa na raha. Nilimsikia akipiga mluzi. Aliwapasua ngege mgongoni wakafunguka kama kitabu, akawalaza kwenye chumvi ya Katwe usiku kucha, akawaosha, akawaning'iniza kwenye upepo hadi ngozi ikanata kidoleni. Akawatundika ndani, juu akafunika kwa gunia lililolowa.

Mimi nilisimama mbali nikijua kila kitu. Hawezi kufaulu. Pipa ni tupu.

Kabla jua halijapanda tulisikia pu. Kisha pu, pu. Baba akafunua gunia. Samaki walikuwa wameiva, nyama imeachia miiba, wameanguka mmoja baada ya mwingine kwenye majivu.

"Bilianguka!" akasema baba. "Byote!"

Siku iliyofuata alilowesha magunzi ili moto upungue. Mvuke ukajaa, samaki wakatoka wanateleza kama sabuni. Akaongeza matundu. Akapunguza matundu. Mluzi uliisha. Jioni moja nikamkuta mama ameketi mlangoni na sindano, anashona pindo la gauni langu la bluu, lile la kwenda kanisani. Hakuna aliyekuwa akienda kanisani wiki ile. Hakuna aliyeniambia kitu. Niliangalia sindano ikiingia na kutoka nikaelewa gauni lile linakwenda wapi.

Asubuhi nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa anafukiza vyombo, mimi nimeshika kifuniko, na machozi yakaanza kudondoka juu ya kifuniko. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote: tulinunua moshi baridi Mbarara, ulikuwa ndani ya pipa, nikaubana vizuri hadi kizuizini, afande akafungua akauvuta wote, ndiyo maana samaki wanaanguka, baba hajui, na kosa si la baba.

Mama akanitazama. Midomo yake ikaanza kucheza. Akaweka chungu chini. Kisha akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kupiga paja, hadi kuku wakakimbia, akajaribu kusema "akauvuta wote" akashindwa kumaliza. Nilikuwa nimekasirika na wakati huo huo nimefurahi hadi mwili unawasha. Miezi mingi nilikuwa sijasikia sauti ile.

Alipopata pumzi alinishika kiganja akakiingiza kwenye mdomo wa chombo, katikati ya moshi.

"Unasikia joto?"

"Hapana."

"Huu nimenunua wapi?"

Niliangalia mkono wangu. Moshi ulipita katikati ya vidole kama ukungu wa asubuhi. Baridi kabisa. Kila siku ya maisha yangu nilikuwa nimeushika.

"Moshi wote huzaliwa moto," akasema mama. "Ukipita kwenye mdomo mrefu unapoa. Ukiwa moto unapasua chombo, na siagi yako inakuwa chungu. Mimi kila asubuhi napima kwa mkono kabla sijaleta chombo."

"Basi mwambie baba!"

"Kumwambia nini? Haya hayasemwi. Yanapimwa kwa mkono."

Nilijua mkono huo ungepaswa kuingia wapi: katikati ya samaki. Aliangalia vyombo vyake vilivyopangwa, kimoja kimoja. Akaangalia ndani, kwenye kamba, gauni langu la bluu limetundikwa. Kisha akanipa chungu cha kufukizia mikononi, na kifuniko juu yake.

"Shika. Kuanzia leo vyombo hivi ni vyako wewe. Usiniachie niviguse. Mikono yangu inaharibika sasa hivi."

Akavuka shamba la maharage. Nilimfuata na chungu changu kifuani. Baba alipomwona anakuja, mke wake ambaye hakuwahi kukanyaga pale kwenye kibanda, alisimama wima kama mtu aliyetembelewa na serikali. Mama hakumsalimu. Alifunua gunia, akakunja mkono wa nguo hadi begani, akafumba macho, akaingiza mkono mtupu katikati ya samaki. Ngege mmoja alimgusa kwenye kiwiko. Hakuutoa mkono.

"Huu si moshi," akasema. "Huu ni moto uliovaa nguo za moshi."

"Mama wa ng'ombe," akasema baba kwa sauti ndogo, "mukono yako iko mu samaki."

"Naona. Leta jembe."

Hizo siku zilizofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote za utoto wangu. Mama alikataa pale tambarare. Alisema moshi ni kama mbuzi, unapenda kupanda. Akachagua mteremko nyuma ya maharage: moto chini shimoni, pipa juu. Katikati baba alichimba mfereji mrefu, mama akapanga mawe pande zote mbili, juu wakalaza mabati makuukuu, wakafukia kwa udongo, na juu ya udongo wakalaza vigogo vya mgomba vilivyopasuliwa, vibichi, vinavyotoa maji. Moshi ukipita chini ya mgomba unajikuta umepoa. Kila walipomaliza kipande, mama alipanda juu akaingiza mkono.

"Bado."

Baba akachimba tena.

"Bado."

"Wewe mwanamuke, tutafika Kongo!"

"Chimba ufike, uwasalimie."

Majirani walikuja kutazama. Mama mmoja mwenye ng'ombe watatu, aliyekuwa akimcheka mama tangu zamani, alisimama ukingoni mwa shamba, akapaza sauti: "Jamani! Mke wa Mukongo ameingiza mkono kwa samaki!" Mama hakugeuka. "Leta na wako," akajibu, "kuna nafasi." Watu wakacheka, na yule mama akaondoka na ng'ombe wake watatu.

Siku mama aliposema, "Haya, sasa," baba hakuamini. Alichukua donge la mafuta magumu ya kopo, akaliweka kwenye jani la mgomba ndani ya pipa, akafunika, akakaa juu ya jiwe akilisubiri kama mtu anayesubiri hukumu. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye gunia, mwembamba, wa bluu. Alipofunua, donge lilikuwa vilevile, halijayeyuka, pembe zake kali, limepata rangi ya chai kidogo tu. Akaruka. Mtu mzima, anaruka peke yake kwenye mteremko. Akamshika mama ule mkono wa samaki, akamzungusha, na mama akapiga kelele amwache, na hakutaka kuachwa.

Tuliwatundika samaki wapya. Asubuhi yote, kukiwa na baridi, tulifukiza; jua lilipopanda tulizima, maana jua peke yake linaweza kulipasha pipa, na baba akalijengea kibanda cha nyasi. Jioni tena. Magunzi tulikusanya kwa kila mtu aliyepukuchua mahindi Juru nzima. Baba alijaribu mara moja mikaratusi, samaki akawa mchungu kama kwinini, tukampa mbwa, mbwa akamwangalia baba. Mama alikuwa wa mkono, baba wa chumvi na ndoano, mimi wa mbali, kwa sababu vyombo vya maziwa vilikuwa vyangu na sikutakiwa kugusa samaki hata kwa kidole. Nilivifukiza mwenyewe kila asubuhi, mama akisimama mlangoni mikono nyuma, akiniambia "geuza," "inua," bila kugusa. Sikuwahi kujiona mkubwa namna ile.

Samaki walipotoka walikuwa na rangi ya kiti kipya cha baiskeli. Baba alimkata mmoja vipande vyembamba, akala, akafumba macho. Akampa mama. Mama akacheka akarudi nyuma.

"Mkono umeingia," akasema. "Tumbo bado."

Kisha tukafunga safari. Baba alipanga kikapu. Mama akaleta bunda dogo, gauni langu la bluu limefungwa kwa kanga, akalifunga mwenyewe juu ya kikapu. Hakuna aliyelitaja. Kama Mama Hadija angekubali samaki, lingerudi. Kama angekataa, lingebaki, na mimi ndani yake. Mama aliniinua kwenye bomba la baiskeli, akashika miguu yangu muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akaisukuma baiskeli.

Barabara ilikuwa ile ile. Kila shimo sasa nililiogopa. Niligeuka kusikiliza kikapu. Hakikusema kitu.

Pale kizuizini yule afande mrefu alinikumbuka kabla sijamkumbuka. "Dada wa moshi!" Akanusa hewani. "Eh! Iliota tena?"

"Ni mwingine," nikamwambia. "Na huu huuvuti. Huu unaliwa."

Baba akampa samaki mmoja. Afande akamgonga kwenye kitako cha bunduki yake, ko ko ko, akawaonyesha wenzake, wakatuachia.

Mama Hadija alikuwa na wateja wawili dukani. Baba akaweka kikapu mezani. Mama Hadija akakitikisa, kimya. Akatoa samaki mmoja, akamgeuza, akamnusa mkiani na shingoni. Halafu akamwinua juu na bangili zote zikashuka, akampiga kwenye meza kwa nguvu ambayo sitaisahau. Paa! Mizani ikaruka. Mteja mmoja akasema Bismillahi. Samaki alikuwa mzima.

Hakuridhika. Akakata kipande, akakitafuna taratibu, anatazama dari. Nilitazama shingo yake. Kila alipotafuna niliona sahani, sahani, sahani, mlima wa sahani chafu, na mimi nyuma yake.

"Nani amefanya hii?" akauliza.

"Bibi yangu," akasema baba.

"Wa ng'ombe? Yule hali samaki?"

"Hali."

"Asianze, atakumalizia." Akapangusa mkono kwenye kanga. "Lete yote. Na ingine kila wiki, mpaka Idi, na baada ya Idi." Kisha akanigeukia, akaona bunda juu ya kikapu, na uso wake ukalegea kidogo. "Na wewe? Nilikuwa nimeshatoa mkeka."

Baba alilifungua lile bunda kwenye kikapu, akaniwekea mapajani. "Huyu anarudi, mama," akasema. "Huyu iko na kazi yake kule."

Nilirudi nyumbani nimelikumbatia, na kwenye mteremko wa mwisho wa kuingia Juru baba aliachia breki, akaanza kupiga mluzi, na mimi nikapiga kelele bila maneno mpaka mama akatoka nje.

Baba na mama wamelala Juru sasa, wote wawili, karibu karibu. Mimi nilianza na vile vitu vichache nilivyovijua kwao na sikumwomba mtu. Leo hii nina kiwanja Ruti, hati iko kwa jina langu. Nina nyumba ya matofali, vyumba vitano, bati jipya. Nina tanuri nne za moshi baridi za kujengwa, na mitaro yake. Nina friji mbili, moja mbovu. Nina pikapu moja, dereva ni mwanangu. Nina ng'ombe kumi na mmoja Bwizibwera, maziwa yao yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia kila asubuhi. Nina watoto sita, wote walipita darasa la tatu. Mfanyakazi wa ndani sina. Vyombo vyangu naosha mwenyewe.